Mkono wa Santuri Niliochaguliwa

Mvua za masika za mwaka ule zilipenya kwenye dari ya nyumba yetu ya Kiponda. Dari ikavimba, na asubuhi moja bonge la chokaa likaanguka juu ya santuri ya marehemu baba. Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nilipopanda juu nilikuta vumbi jeupe limetanda chumba kizima, na ule mkono wa santuri, unaobeba sindano na kuitembeza juu ya sahani ya nyimbo, umevunjika shingo. Mashine yenyewe ilikuwa salama. Sanduku lake ni la msaji, baba alilichongesha kwa seremala wa Malindi, na nilipowasha umeme mota ilizunguka kama kawaida yake. Kilichokufa ni mkono tu.

Binti yangu, aliyeolewa Maskati, aliniletea picha kwenye simu: mashine mpya, ndogo, inayobebeka kama mkoba. Nikamwambia ahsante mwanangu, sitaki. Hakunielewa, na sikumlaumu. Mie sikuwa na haja ya mashine. Haja yangu ilikuwa kumsikia mama.

Mama yangu, kabla ya kunizaa, aliimba katika kikundi cha taarabu cha kina mama, na ipo sahani moja, sijapata kuiona nyengine, ambayo ndani yake anaimba beti tatu peke yake na wenzake wanamwitikia. Kabla ya ubeti wa pili anavuta pumzi. Pumzi yenyewe inasikika, ndefu, kama ya mtu aliyepanda ngazi na ndoo ya maji. Mama alifariki mie bado niko skuli. Picha zake ninazo, lakini picha hazipumui.

Nilikuwa na rafiki. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa na maalimu mmoja, tukaoa mwaka mmoja. Mie nikawa mwalimu wa jiografia, yeye akawa fundi wa saa, na kibanda chake kilikuwa Mkunazini mpaka watu walipoacha kuvaa saa wakawa wanatazama simu. Kila Ijumaa, tukishatoka msikitini, alikuja kwangu. Mke wangu alipokuwa hai alitupikia pilau. Alipofariki nikawa nanunua. Tukishakula tunapanda juu, mie naweka sahani, yeye anakaa kwenye kiti cha dirishani, anafumba macho. Hakuwahi kuwa na santuri yake mwenyewe. Sikuwahi kuona kuwa hilo ni jambo. Yangu niliihesabu kuwa yetu.

Nilipomweleza lililotokea alisikitika kweli. Akaugeuza ule mkono uliovunjika, akasema hautengenezeki, itabidi tutafute mkono mwengine wa zamani, kwa sababu mikono ya siku hizi ni myepesi mno kwa mashine nzito kama ile. Tukaanza kuuliza. Tulizunguka Darajani kwa wauza vyuma na maredio ya zamani, tukaenda kwa muuza vitu vya kale wa Shangani, ambaye alikuwa na santuri zenye pembe la kutolea sauti, za kuuzia watalii, hata moja haijawahi kulia.

Hatimaye habari ikamfikia bibi mmoja wa Hurumzi. Huyu alikuwa mjane wa mtu aliyeuza maredio na sahani zamani, na marehemu mumewe alikuwa sahibu wa baba. Akanipigia simu. Alikuwa anafunga vitu vyake, anahamia Mangapwani kwa mwanawe, na ndani ya vitu hivyo ipo mikono miwili ya santuri ambayo mumewe aliihifadhi. Akasema nende nikaitazame.

Nilikwenda na rafiki yangu. Sababu yake ni hii: nina sukari, na sukari imenila hisia za ncha za vidole. Nikishika uzi sijui kama nimeshika. Mkono wa santuri huchaguliwa kwa vidole. Unaushika pale unapojipinda na kuzunguka, kwenye beringi zake ndogo, unautikisa taratibu ujue kama umelegea au umekaza, na kasoro yenyewe inaweza kuwa nyembamba kuliko unywele. Macho hayatoshi. Nani basi angenifaa kuliko fundi wa saa?

Tulimwamkia, akaitika marahaba, akatutilia kahawa, akaleta kopo la biskuti. Ndani, juu ya pamba, ilikuwa imelala mikono miwili. Mmoja mrefu, ulionyooka, mweusi, rangi yake imefifia, na kwenye jiwe lake la nyuma, lile la kusawazisha uzito, pana doa la rangi nyeupe. Wa pili umejikunja kama nyoka, unang'aa, mzuri kwa kutazama.

"Chukua yote, mwanangu," akasema bibi. "Mie ntaifanyia nini?"

Nikaona haya. Kuchukua mmoja ni kupokea zawadi, kuchukua yote miwili niliona ni ulafi. Nikamwambia mmoja utanitosha.

Moyo wangu ulikuwa kwenye ule mweusi. Siwezi kueleza kwa nini, labda kwa kuwa ulionekana umefanya kazi. Nikampa rafiki yangu. Akaushika kwa vidole viwili, akausogeza sikioni, akafumba macho kama anavyofumba Ijumaa, akautikisa. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaurudisha juu ya pamba, polepole, akachukua ule unaong'aa, akafanya vilevile.

"Mweusi umekwisha," akasema. "Beringi zinacheza. Chukua huu."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Yakhe, mie nimeishi na beringi ndogo kuliko hizi umri wangu wote."

Nikachukua unaong'aa. Tulipokuwa tunashuka ngazi nilimshika bega, kwa ajili ya giza la ngazi na kwa ajili ya shukurani.

Aliufunga mwenyewe. Alikuja na vifaa vyake vya saa, akakata karatasi ngumu kupimia masafa, akatoboa, akakaza, akasawazisha. Kazi safi, hata leo ukiitazama huoni kosa. Ijumaa ile tuliweka sahani ya mama kwanza. Sauti ilitoka, ila nilihisi ina ukali kidogo, kama mtu anayesema na koo limekauka. Nikamwambia. Akajibu kuwa mkono umekaa miaka bila ya kazi, utalainika.

Haukulainika. Kadiri wiki zilivyopita, sauti ya mama ilizidi kuparara. Kwanza ulikuja mchakacho mdogo, kama samaki anakaangwa nyumba ya jirani. Halafu ukaja mkubwa. Mie sahani ile nikiiweka kila Ijumaa, na katikati ya wiki pia, kwa kuwa nilikuwa nimeikosa muda mrefu. Siku moja ubeti wa kwanza ukaisha, nikasubiri ile pumzi, nikasikia mkwaruzo mtupu, na ubeti wa pili ukaanza.

Nikamtazama rafiki yangu kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa amefumba macho.

"Hukusikia?" nikamuuliza. "Pumzi haipo."

Akasema sahani imezeeka, kama sisi tulivyozeeka. Akasema pengine na masikio yangu pia, maana sukari haichagui. Alilisema kwa upole, akaniwekea mkono gotini.

Nikaenda hospitali kupimwa masikio. Daktari, kijana mwenye adabu, akanisafisha, akanivalisha vile vya masikioni, akanisikilizisha milio, akaniambia masikio yangu ni mazima kwa mtu wa umri wangu. Nikatoka pale sina raha. Ilikuwa rahisi kwangu kuutuhumu mwili wangu kuliko kumtuhumu yeye, na sasa mwili ulikuwa hauna kosa. Hata hivyo sikumtuhumu. Nikasema basi ni sahani. Vitu huisha.

Baadaye kidogo ikapita Ijumaa moja rafiki yangu hakuja. Akaniletea ujumbe kuwa ana homa. Siku iliyofuata nikapita Darajani, nikanunua machungwa, nikenda kwake Kikwajuni kumtazama. Kwa miaka mingi nilikuwa sijaingia nyumbani kwake zaidi ya barazani. Mazoea yetu yalikuwa yeye kuja kwangu. Mkewe akanifungulia. Akasema mwenyewe kapelekwa hospitali na mwanawe kuchukua dawa, hatakawia, nikae.

Nikakaa. Akaniletea maji, akauliza hali ya binti yangu. Halafu akasimama pale mlangoni mwa chumba na kitambaa chake mkononi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuielewa.

"Shemeji, mie sijapata kukushukuru," akasema. "Tangu ulipompa mwenzio ule mkono, amekuwa mtu mwengine. Jioni anakaa nyumbani."

Nikamuuliza mkono gani. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, nakumbuka nilijishangaa.

"Wa santuri. Njoo uone alivyoutengeneza."

Nikamfuata. Juu ya meza, chini ya kitambaa cha kufumwa, ilikuwapo mashine. Sanduku la mbao za kawaida, limepigwa msasa vizuri. Mkewe akaondoa kitambaa kwa mikono miwili, na nikauona mkono mrefu, ulionyooka, mweusi, na doa jeupe kwenye jiwe la nyuma.

Akaniuliza kama aiwashe. Nikasema iwashe. Sahani iliyokuwa juu ilikuwa ya udi mtupu, siijui. Sindano ikashuka, na ule udi ukatoka kana kwamba mpigaji amekaa chumbani na sisi. Mkewe akatabasamu kwa fahari. Nilingoja upande uishe, nikaunyanyua mkono mwenyewe, nikausukuma kwa pumzi ya mdomo. Ukaelea mpaka mwisho, ukatulia. Wala sikuhitaji vidole kujua. Beringi zake zilikuwa nzima kama za saa mpya.

Nikamwambia shemeji nimekumbuka nina shughuli, machungwa haya ampe mgonjwa. Nikashuka. Nilitembea kutoka Kikwajuni mpaka Kiponda, na njiani nilisalimiwa na watu wengi, nikaitikia wote.

Nilijitahidi kumtetea. Labda alikosea siku ile, akagundua baadaye. Labda bibi alimpa mwenyewe, akaona haya kunieleza. Nilitaka iwe hivyo. Basi nikenda Mangapwani kwa yule bibi, nikijifanya nimekwenda kumjulia hali.

Nilimkuta uani kwa mwanawe, anachambua mchele. Alifurahi kuniona. Tulizungumza habari za mjini, nani kauza nyumba, nani kafariki. Kisha akaniuliza mwenyewe, bila ya mie kuanza, kama ile mikono inafanya kazi.

"Yote miwili?" nikasema.

"Si mwenzako alikuja kesho yake? Akasema umemtuma, umebadili shauri, unautaka na wa pili uwe akiba. Nikampa kwa jina lako." Akaacha mchele, akanitazama. "Au nilikosea, mwanangu?"

Ningemwambia kweli angejilaumu mpaka mwisho wa siku zake, na habari ingefika mjini kabla yangu. Nikamwambia hakukosea, ni mie niliyemtuma. Akaendelea kuchambua. Nilipoondoka alinipa ndizi za kwenda nazo, na mie nikahisi uchungu mpya juu ya ule wa mwanzo, kwamba sasa yule mtu amenifanya na mie niseme uongo, tena kwa mama mtu mzima aliyenitakia heri.

Ijumaa ikafika. Homa yake ilikuwa imekwisha, akaja. Tulikula. Tulipopanda juu akakaa kwenye kiti chake, na mie nikakaa bila ya kuweka sahani. Alipoona sahani hailii akafumbua macho.

"Shemeji kanishukuru kwa zawadi," nikasema.

Hakukana. Hilo nampa. Aliangalia vidole vyake, akavikunja, akavikunjua. Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni kwenye kichochoro, tukamsubiri apite kama vile na yeye yumo kwenye mazungumzo.

Akaanza kueleza, polepole, hanitazami. Alisema amekuwa akija kwangu tangu ujanani, akila kwangu, akisikiliza ninachotaka mie, akiondoka ninapochoka mie. Alisema siku moja alitaka awe na chake, na awe na kizuri, si kile kilichobaki. Pale kwa bibi, alipouweka mkono mweusi sikioni, alijua kuwa hatapata tena mwengine kama ule.

"Ungeniambia," nikasema. "Ningekupa."

"Najua ungenipa. Ndiyo maana sikukwambia. Ningekuja hapa kila Ijumaa kukushukuru mpaka nife."

Hilo liliniingia. Kama yangeishia hapo labda tungelia wote wawili, tukasameheana, tukaenda kunywa kahawa. Lakini mie nilikuwa na jambo moja lililonikaa kooni tangu Kikwajuni.

Nikamuuliza ule unaong'aa una nini. Akasema una ugumu kwenye kuzunguka, mdogo sana. Sindano inalazimika kuburuta mkono, inaegemea upande mmoja wa mfereji wa sahani, na kila ikipita inakula.

"Kwa hiyo ulipokuwa umekaa hapo, umefumba macho, ulikuwa unamsikia mama yangu anavyoliwa."

Akageukia dirishani.

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ya mwanzo," akasema. Halafu akaongeza, sauti imeshuka, kuwa kila wiki alikuwa anataka kuniambia nisiiweke ile sahani, niweke nyengine, lakini angeniambia hivyo kwa sababu gani? Ningeuliza. Naye jibu hana.

Sikumpigia kelele. Nilimwambia tu aondoke. Akasimama, akanyoosha kanzu yake, akashika ukuta wa ngazi kushuka, na mie kwa mazoea ya miaka nikataka kumwambia aangalie daraja la tatu limevunjika. Nikanyamaza. Aliliruka mwenyewe, anazijua ngazi zile kama mie.

Mkono niliibiwa. Jambo la kuibiwa nalielewa, watu huibiana, hata ndugu. Kinachonirudia ni kile kiti cha dirishani. Mtu anayesikia kuliko mie, anayejua kila ninachokipoteza, amekaa mbele yangu wiki baada ya wiki, ananishika goti, ananiambia ni masikio yangu.

Siku chache baadaye jirani yangu wa chini akanipa furushi lililofungwa kwa kipande cha kanga. Lililetwa na mtu, hakupanda. Mkono mweusi ulikuwa ndani, umesafishwa, na skrubu zake zimetiwa kwenye kikopo cha dawa. Nilikaa nao mezani muda mrefu sijui nifanye nini nao. Mwishowe nikamwita fundi mwengine, wa redio, mtu wa Michenzani, akaufunga. Ufungaji wake si mzuri kama wa yule, lakini sauti inatoka. Sahani zangu nyengine zinalia sasa kuliko zilivyopata kulia. Ya mama nimeijaribu mara moja. Beti zinasikika kwa mbali, na pale pa pumzi pana mkwaruzo uleule. Kilichokwishaliwa hakirudi kwa kubadilisha mkono. Nikaitia kwenye jalada lake.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Tulikuwa tunakutana msikitini, tunapeana mikono kama watu wengine wanavyopeana, tunaachana. Watu wa mtaani hawakuuliza, au waliulizana wenyewe kwa wenyewe.

Kisha siku moja, kabla ya Ramadhani, nilikuwa Darajani kwenye soko la samaki. Muuzaji ameshanipimia samaki aina ya changu, nasubiri anipalie magamba, nikamuona mke wa rafiki yangu upande wa pili wa meza. Nikamsalimia kwa furaha, sikujizuia. Aliitikia, lakini alikuwa anatazama samaki.

Nikamuuliza mzee hajambo. Akasema hajambo, ila siku hizi anashinda amekaa tu, hataki kutoka wala kuzungumza. Halafu akanyanyua uso.

"Shemeji, nikwambie kweli, sikukudhania," akasema. "Kumpa mtu kitu, ukakiona kinamfurahisha, ukatuma kukidai. Yeye kasema tusikuseme, eti una haki yako. Lakini mie nimeumia."

Nilimwelewa mara moja. Alikuwa hajui lolote. Mumewe hakumweleza aliyoyafanya. Alimweleza kwamba mie nimeutaka mkono wangu, na juu ya hayo akanitetea, kwa uungwana, ili asiulizwe zaidi. Na hapo palikuwa na watu pande zote, na mkewe ni mwanamke mwema aliyemzalia watoto na kuzeeka naye, na neno moja langu lingemfanya arudi nyumbani kwa mtu mwengine kabisa.

"Nisamehe, shemeji," nikasema.

Akatikisa kichwa, si kwa kusamehe wala kwa kukataa, akajifunga buibui vizuri, akapita kati ya watu kuelekea upande wa mboga. Nilisimama namtazama mpaka muuzaji aliponigusa mkono, akaniuliza kichwa cha samaki nitakichukua au akitupe. Nikamwambia akitie, nitapikia mchuzi.